Rupia Tatu

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ukiwa Lushoto, au Soni pale njia ya Bumbuli inapoachana na barabara ya Mombo, mwombe mzee aliyekaa barazani akuazime ubao wake mchezo ukiisha. Weka kete mbili katika kila shimo. Zitaenea zote: hakuna shimo litakalopungukiwa, wala kete itakayobaki mkononi. Sasa kila kete iite pesa. Hiyo iliyo mbele yako ni rupia moja, kama walivyoihesabu babu zetu.

Rupia ilikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, ikaizoea pwani yetu hadi ikawa kama mwenyeji. Rupia moja ilikuwa anna 16, na anna moja pesa 4. Mwaka 1882 Sultani Barghash alitoa pesa zake za shaba zenye picha ya mizani. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki nayo ikatoa za kwake, tai upande mmoja, na upande wa pili jina la kampuni kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo herufi walizozijua wasomaji wa pwani. Mfalme alibadilika, picha ikabadilika, lakini 64 haikuguswa.

Uzuri wa 64 uko kwenye nusu. Ikate nusu upate 32, kisha 16, 8, 4, 2, hadi 1. Mara sita umekata na hujabakiza kitu. Vipimo vya sokoni vilikwenda mwendo huohuo: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Anayepima mahindi alikata nusu, anayelipa alikata nusu, na wote wawili wakafika mahali pamoja bila kuhitaji kalamu. Neno thumuni, yaani sehemu ya nane, ni la hesabu hizo. Riale ya zamani ilipokuja kuhesabiwa shilingi nne, thumuni yake ilikuwa senti 50, na ndiyo sumni waliyopewa wazazi wetu kununulia andazi. Walitaja nane kila siku bila kujua.

Milimani Usambara nako kulikuwa na hesabu yake. Mshambaa huita saba mfungate, na tisa huita kenda. Kiswahili nacho kilikuwa na maneno hayohayo kabla ya saba na tisa za Kiarabu kuyasukuma pembeni. Fungate limebakia kwa maharusi, siku saba za kukaa ndani, na kenda bado wazee wanaikumbuka. Kwa hiyo mtu wa Usambara aliyeshuka nyikani na tumbaku yake kuuza hakuwa mgeni wa namba. Mmisionari Krapf alipopanda Vuga mwaka 1848 alimkuta mfalme Kimweri ye Nyumbai akitawala kutoka milimani hadi karibu na bahari. Utawala wa namna hiyo, wenye kupokea ng'ombe na nguo kutoka kila upande, hauwezi kuendeshwa na watu wasiojua kuhesabu. Nalisema hili kwa sababu bado nawasikia watu wakisimulia kana kwamba hesabu ililetwa na mkoloni pamoja na reli.

Namba kubwa zilizoletwa na mkoloni zilikuwa za aina nyingine: bei za watu na za nchi.

Ya kwanza ilikuja mwaka 1888. Wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann walikuwa wametembea Usambara wakipima na kuchora ramani wakati pwani ilipowaka moto dhidi ya Kampuni. Wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakawa mikononi mwa Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo. Fidia ya kuwaachia ilikuwa rupia 10,000. Ikalipwa, wakaachiliwa. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Baumann akarudi milimani mwaka uliofuata kuimaliza kazi yake. Kitabu chake juu ya Usambara kilitoka mwaka 1891.

Namba ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwishoni mwa 1890 Sultani Ali bin Said aliitoa moja kwa moja pwani ya bara, iliyokuwa imekodishwa kwa Kampuni, ikawa mali ya Wajerumani. Bei yake ilikuwa mark 4,000,000.

Mtu anaweza kuisoma namba hii katika kitabu cha historia akapita. Naomba tusipite. Tuivunje kama tulivyovunja namba shuleni, mpaka zibaki namba tasa peke yake. Milioni nne ni mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara nane, na tano ikizidishwa kwa yenyewe mara sita: 2⁸ × 5⁶. Hakuna namba tasa nyingine ndani yake. Ukitaka kujua vigawo vyake ni vingapi, huna haja ya kuviandika kimoja kimoja. Chukua vipeo, ongeza moja kwa kila kimoja, zidisha: 9 mara 7, vigawo 63.

Hiyo 63 si ya kawaida. Vigawo huenda wawiliwawili kama watu kwenye ngoma. Katika 12, 1 huenda na 12, 2 na 6, 3 na 4, kwa hiyo idadi yake hutoka shufwa. Ili idadi iwe witiri, lazima awepo mmoja anayecheza na yeye mwenyewe. Katika milioni nne huyo ni 2,000, maana 2,000 mara 2,000 ni 4,000,000. Namba ya namna hii huitwa namba mraba. Chukua maharage ungoni uone: maharage 12 hayatapangika yakawa na safu nyingi sawasawa na maharage ya kila safu, lakini 16 yatapangika, nne kwa nne. Kete 64 za bao ni mraba, nane kwa nane. Rupia 10,000 za Meyer na Baumann ni mraba, mia kwa mia. Bei ya pwani ni mraba, elfu mbili kwa elfu mbili. Sidhani kuna aliyekusudia. Wenye kupanga bei kubwa hupenda sifuri nyingi, na sifuri zikiwa shufwa nyuma ya namba mraba, nzima huwa mraba.

Jambo jingine lina uzito zaidi. Milioni nne haigawanyiki kwa tatu. Jumlisha tarakimu zake: 4 na sifuri sita ni 4, na 4 haigawanyiki kwa tatu. Wagawie watu watatu mark hizo, kila mmoja atapata 1,333,333, na mark moja itabaki mezani. Zivunje ziwe pfennig, mia kwa kila mark, bado moja itabaki. Lakini zipeleke kwenye rupia. Kiwango kilichowekwa rasmi mwaka 1904 kilikuwa rupia 3 kwa mark 4. Kabla ya hapo rupia ilipanda na kushuka na bei ya fedha duniani. Kwa kiwango hicho bei ya pwani ni rupia 3,000,000, laki thelathini kwa lugha ya maduka ya wakati ule. Watu watatu sasa wanapata milioni moja moja, na hakuna kinachobaki. Mali ni ileile. Tatu imeingia kwa mlango wa kipimo. Nani atagawiwa sawa na nani atabakiziwa mabaki huamuliwa na anayechagua kipimo.

Twende chini hadi kwenye pesa. Rupia milioni tatu mara 64 ni pesa 192,000,000, milioni mia moja tisini na mbili, au laki 1,920. Ndani yake mna mbili kumi na mbili, tatu moja, na tano sita. Unaweza kuikata nusu mara kumi na mbili mfululizo kabla haijakwama kwenye 46,875. Vigawo vyake: 13 mara 2 mara 7, jumla 182.

Katika bei hiyo, Usambara haimo. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalikuwa yameshamwachia Sultani ukanda wa maili kumi tu kutoka baharini. Vuga, Mlalo, Bumbuli na Lushoto zilikuwa nje ya ukanda huo, zimeandikwa kwenye karatasi nyingine ambazo hazikuwa na bei. Sehemu ya milima katika mark milioni nne ni sifuri, na sifuri ndiyo namba pekee inayogawanyika kwa kila namba nyingine bila kubakiza. Kila mtu wa Usambara alipata fungu lake kamili la sifuri hiyo.

Kisha ikaja hesabu ya kulipa. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa Novemba 1897 ikaanza kazi Aprili 1898. Kwa nyumba ya kawaida ya shamba kiwango kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni iliruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini serikali ilitaka sarafu, kwani sarafu ndiyo ingemtoa mtu migombani kwake akaitafute kwenye shamba la mzungu. Wakati huo Lushoto ilikuwa imepewa jina la Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao, na ndiyo ikawa makao ya wilaya.

Rupia tatu ni pesa 192. Tarakimu ni zilezile za bei ya pwani, bila zile sifuri sita za nyuma. Kwa ubao wetu ni mabao matatu yaliyojaa kete. Jaribu kuziweka mezani, moja moja, kama karani alivyozipokea. Nilijaribu kwa mbegu za komwe; nilipofika mia mkono ulikuwa umeshachoka, na bado zilikuwa zimebaki 92.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani, iliyokuwa imechukua mambo ya fedha kutoka kwa Kampuni, iliiondoa pesa. Rupia ikabaki, lakini sasa ikavunjwa heller 100. Ofisini jambo hili lilikuwa raha: mahesabu yakaandikwa kwa nukta, kama Ulaya. Sokoni likaharibu nusu. Mia ikikatwa nusu ni 50, ikikatwa tena 25, halafu inakwama kwenye 12 na nusu. Wenyewe waliliona, wakatoa sarafu ya nusu heller. Iliandikwa miaka ya 1904, 1905 na 1906, basi, haikutolewa tena.

Hapa namba zinasema jambo ambalo hakuna tangazo la serikali lililolisema. Kigawo kikubwa cha shirika cha 64 na 100 ni 4. Maana yake ni kwamba kiasi kidogo kabisa ambapo pesa kamili hulingana na heller kamili ni robo ya rupia: pesa 16 kwa heller 25. Chini ya robo hazikutani popote. Ndizi za pesa moja zilistahili heller moja na nusu na kipande kidogo kisichokuwa na sarafu. Ukimtoza mnunuzi heller 1, muuzaji amepoteza. Ukimtoza 2, mnunuzi amepoteza. Na masikini hununua nini kinachozidi robo ya rupia? Chumvi, ndizi, tumbaku, sindano, vyote viko chini ya robo. Mwenye kununua kwa rupia nzima hakuguswa hata kidogo. Aliyenunua kwa pesa moja moja aliguswa kila alipokwenda gulioni.

Haki itendeke kwa mia: ina vigawo tisa, na 64 ina saba. Mia inagawanyika kwa tano na kwa kumi, jambo ambalo 64 hailiwezi. Lakini ipandishe hesabu hadi bei ya pwani, mambo yanageuka. Rupia milioni tatu ni heller 300,000,000, namba kubwa kuliko milioni 192 za pesa, na bado vigawo vyake ni 162 dhidi ya 182. Inakatika nusu mara nane tu, inakwama kwenye 1,171,875. Ukubwa wa namba haukuongeza njia za kuigawa. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini.

Mwaka 1907 ukaja utaratibu uliofanya hata rupia zionekane jambo dogo. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Mombo miaka miwili nyuma, mashamba ya walowezi yalikuwa yakipanuka, na watu walikuwa wagumu kuacha mashamba yao wenyewe. Katika wilaya ya Wilhelmstal kila mwanamume mzima akapewa kadi. Ilimtaka afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyeijaza alikamatwa kwa kazi za serikali. Siku 30 katika 120 ni robo kamili. Kata nusu, kata nusu tena. Ile hesabu ya kibaba na pishi, iliyokuwa ya mama akimpimia jirani, sasa ilipima siku za mtu. Kwa mwaka zilikuwa siku 90, na mvua haikusubiri kadi ijae. Aliyekuwa kwenye shamba la walowezi huko Sakarre au bondeni kwenye mkonge wakati wa kupanda aliporudi alikuta majirani wanapalilia.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, Waingereza waliichukua Wilhelmstal katikati ya mwaka 1916, na baadaye mji ukaitwa tena Lushoto. Huko Tabora mwaka huohuo Wajerumani waliokatiwa njia ya bahari walitengeneza sarafu ya dhahabu yenye picha ya tembo, ya rupia 15. Wapo wanaoshangaa kwa nini 15, si 10 wala 20. Ni ile tatu kwa nne: rupia 15 ni mark 20 kamili, wakati rupia 10 zingekuwa mark 13 na theluthi. Mwaka 1922 shilingi ya Afrika Mashariki ikashika nafasi, senti 100 ndani yake, na 64 ikabaki kwenye bao peke yake.

Hesabu moja nimeiacha makusudi, na sijaiona ikiandikwa popote, ingawa haihitaji elimu kubwa. Rupia tatu za kodi, kwa kiwango cha rupia 3 kwa mark 4, ni mark nne barabara. Hakuna idadi ndogo kuliko tatu ya rupia kamili inayotoa mark kamili. Nyumba moja ya udongo kule Mlalo, ikivuja au isivuje, mwenyewe yupo au amekwenda kujaza kadi, ililipa mark nne kwa mwaka. Pwani yote, toka mpaka wa Vanga hadi Ruvuma, pamoja na bandari na forodha zake, ilinunuliwa kwa mark 4,000,000.

Gawanya mwenyewe uone bei hiyo ni kodi ya nyumba ngapi. Jibu ni 1,000,000, na hakuna kinachobaki.